Mkwe Amerudi Majini

Ndeshi,

Maji yamepita. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote ukalitafute hilo tu, kama ulivyokuwa unasoma meseji zangu kuanzia mwisho. Yamepita leo asubuhi, yamepita jana, na juzi mvua ilipopiga huko juu msituni yakaja mekundu na hasira zake zote, yakapita vilevile. Mkwe amesimama. Anazunguka. Kwenye tenga lake leo nimekuta chupa za maji, pampasi moja, majani ya mgomba mpaka basi, na kandambili ya mguu wa kushoto. Ya kulia sijui iko kwa nani.

Nimekaa kwenye lile jiwe letu juu ya mfongo, miguu inaning'inia juu ya mfereji. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu imeisha chaji. Fundi simu ambaye simu yake haina chaji, haya sema, najua ungesema.

Nina mengi, na yote yanataka kutoka kwa wakati mmoja. Ungekuwepo ungenishika mkono uniambie, "Moja moja, Manka." Sawa. Moja moja.

Unakumbuka siku uliyokuja Kiboriloni? Nilikuwa kwenye kimeza changu pembeni ya soko, simu ya mama muuza ndizi imefunguliwa yote mbele yangu, bisibisi nimeing'ata mdomoni. Ukaja na yunifomu, ukasimama juani, hunisalimii. Ukauliza, "Manka, una kazi?" Nikakwambia si unaona. Ukasema, "Naona umekaa."

Halafu ukavuta lile kreti la soda, ukakaa, ukaanza. Kuna shindano la ubunifu la wanafunzi. Kila timu ichague tatizo la mazingira la kwao wenyewe, siyo la kwenye kitabu, watengeneze kitu cha kulitatua, fainali mjini Moshi ukumbini mbele ya majaji. Wenzako darasani walitaka kufanya barafu ya mlimani inayoyeyuka. Ukawauliza, "Nani kati yenu ana ngazi?" Wakakuzira. Ndiyo maana ukanifuata mimi.

Wewe ulitaka mfongo. Na nilikuelewa hapohapo, kwa sababu mfongo unapita nyuma ya jiko lenu, na siku zile selimundu ikikubana, mifupa ikikuuma huendi shule, ulikuwa unalala unausikiliza. Uliniambia unajua kwa sauti tu kama umeziba. Mimi sikuwahi kufikiria kwamba maji yana sauti ya kuziba. Ukasema huu mfereji wazee wetu waliuchimba kwa mikono toka korongoni mpaka kwenye vihamba vya migomba, na sisi tumeugeuza dampo. Wa juu akiamka anatupa, maji yanabeba, anayekoma ni wa chini. Na wa chini akikosa maji ya kumwagilia, anapanda huku na jembe begani kuuliza, na hapo ndiyo majirani wanaacha kusalimiana mpaka Krismasi.

Nikakwambia sawa, lakini mimi siyo mwanafunzi. Niliacha shule form two. Nikaacha cherehani. Nikaacha saluni, nikaacha kwaya, na ile biashara ya vifaranga naomba tusiiongelee. Ukacheka. Ukasema, "Wewe ni mtu wa kuanza, Manka. Nataka mtu wa kuanza. Kumaliza nitakusimamia."

Jumatatu yake ukanishika mkono kama mtoto wa chekechea, ukanipeleka kuandikishwa QT, masomo ya jioni, ili niwe mwanafunzi wa kweli na jina langu liingie kwenye timu. Tulipotoka ukaniangalia toka kichwani mpaka kwenye viatu, ukasema, "Kuanzia leo wewe ni mwanafunzi. Chomekea."

Mpaka leo nikikumbuka hiyo chomekea nacheka peke yangu njiani, watu wananikwepa.

Ndeshi, hukujua ulichokifanya siku ile. Au ulijua, wewe mjanja. Maana mimi kila kitu ninachokijua nimejifundisha mwenyewe kwa kuharibu. Nimeharibu redio ya baba, nimeharibu pasi ya mama mdogo, nimeharibu simu za watu halafu nikazitengeneza kwa woga. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nilichonacho kichwani kinaweza kukaa meza moja na cha mtu wa form five anayesoma fizikia. Wewe hata hukuniambia. Ulikaa tu, ukanipa penseli, ukasema, "Haya, maji yanasukuma. Tuyape kazi."

Zile wiki za kule uani kwenu. Ringi ya baiskeli tuliyoipata kwa muuza chuma chakavu. Ndoo za rangi tulizozikata tukapata makasia ya kusukumwa na maji. Nondo nyembamba tukazipanga kama chanuo, nikajifunza kuchomelea kwa kuangalia video, nikaunguza shati, ukasema harufu ya shati ni ya maendeleo. Mpaka siku ile gurudumu likazunguka kwa maji tu, chanuo likashuka likachota takataka, likainuka, likatupa kwenye tenga, likarudi chini bila kuambiwa. Mama yako alikuwa anapita na majani ya ng'ombe kichwani, akasimama. Akaangalia. Akasema, "Hiki ni mkwe. Mkwe wa wiki ya kwanza, anafagia kabla hujamka." Tulicheka mpaka ukajishika mbavu ukaniambia niache, unaumia. Jina likabaki hapo, na maelezo tuliyoyatuma ndiyo yakatuingiza fainali.

Halafu tukaboronga.

Nimewaza sana lile kosa. Tulikuwa na barua ya shule. Tulikuwa na mhuri wa mtendaji wa kijiji, mhuri mzuri, wino umekolea, tuliupiga picha. Madam wenu wa fizikia alisaini. Ofisi zote tulipita. Ila wenye mfongo hatukuwauliza. Yaani mimi na wewe, tumezaliwa huku, tumeogeshwa kwa maji yaleyale, tunajua kabisa mfongo una wenyewe, una zamu, na una mzee anayegawa hizo zamu, tena tunamwamkia kila siku, na tukapita mbele ya geti lake na Mkwe kwenye toroli tukasema tu, "Shikamoo Mzee Eliapenda," tukaenda zetu. Mgeni asingefanya hivyo. Mgeni angeogopa, angeuliza kwanza hapa ni kwa nani. Ni sisi tu, kwa kuwa tuliona ni petu.

Na siku tuliyoichagua kumwingiza majini ilikuwa zamu ya watu wa chini. Majani ya mgomba yakaja kwa mkupuo, chanuo likashindwa, maji yakapanda, yakavunja ukingo, yakaingia kwenye maharage ya mzee. Huko chini watu wamesimama na majembe, wamekatiza kazi zao kusubiri maji waliyoahidiwa, wakapata tope. Na aliyewaahidi ni yeye. Ile sura yake alipopanda kuja, Ndeshi. Hakutupigia kelele. Alikunja suruali, akaingia, akamng'oa Mkwe kwa mikono yake, akamkokota mpaka nyuma ya zizi lake. Wewe ukamtolea ile karatasi. Akaiangalia, akasema, "Mhuri mmeupata ofisini. Haya, maji yanatoka ofisini?"

Mimi nikafungua mdomo. Ukanifinya.

Wiki ileile baridi ikashuka mlimani kama ilivyo kawaida yake, na wewe na baridi hamjawahi kuelewana. Wakakushusha hospitali. Nilipokuja kukuona nilikuwa nimejaa maneno, nikakwambia tutengeneze Mkwe mwingine, tumpeleke fainali moja kwa moja, majaji wanajua nini kuhusu Mzee Eliapenda. Ukanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Ukasema, "Twende na sale."

Nikasema sale? Yale majani ya kwenye mipaka? Wewe si ndiye unasoma fizikia?

Ukasema, "Fizikia haiombi msamaha. Akiletewa sale hawezi kukataa, Manka. Na sisi tumekosa." Ukafumba macho kidogo, maumivu yakapita, ukayafumbua. "Nikitoka tunaenda wote. Mimi nitaongea. Wewe utanyamaza."

Hukutoka.

Siku ya mazishi sitaiandika. Nimejaribu mara nyingi, kalamu inakataa. Nitakwambia kimoja tu, kwa sababu wewe hukukiona na ungependa kukijua. Mzee Eliapenda alikuja na jembe lake mwenyewe. Na umri ule. Akashuka kaburini na vijana akachimba. Wakamwambia mzee pumzika, akasema, "Nyamazeni, nafanya kazi yangu." Mama yako alichagua ulale pale nyuma ya jiko, upande wa mfongo. Alisema huyu alikuwa hasinzii bila kuusikia.

Baada ya hapo nikaacha. Kila kitu. Darasa nikaacha, kimeza nikakigeuza juu chini, watu wakija kuuliza simu zao namwambia mdogo wangu aseme nimesafiri. Nilikuwa nimelala chumbani, tena siyo kwamba nalia, nimelala tu. Wanaonifahamu hawakushangaa. Manka ameacha, kuna jipya gani.

Mama yako ndiye aliyekuja. Hakubisha hodi, unamjua. Akakaa kwenye kitanda changu, akanipa bakuli la mtori, akasubiri nile wote ndiyo aongee. Akasema, "Nasikia una sauti yake kwenye simu."

Nilikuwa nayo. Zile sauti ulizokuwa unanitumia ukijifunza hotuba ya fainali. Nilikuwa sijathubutu kuzigusa. Tukafungua ile ndefu. "Habari za asubuhi waheshimiwa majaji. Naitwa Ndeshi, na mwenzangu anaitwa Manka. Tunatoka Old Moshi, na leo tunataka kuwaeleza habari za mfereji unaopita nyuma ya jiko letu." Halafu, "Manka, acha kucheka." Na mimi nasikika kwa mbali nacheka. Kumbe ile ya siku niliyokuwa na wewe.

Mama yako alicheka na machozi yakawa yanamtoka hapohapo, vyote pamoja, akawa anajifuta kwa khanga. Tukairudia. Tukairudia tena. Mwishoni akauliza, "Na huyo mkwe yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwa Mzee Eliapenda, nyuma ya zizi. Akanitazama. "Mkwe gani analala zizini? Inuka."

Basi nikainuka. Ndivyo nilivyoinuka, Ndeshi, siyo kwa ushujaa wowote, nilifukuzwa kitandani na mama yako.

Sale nilikata kwenye mpaka wa kwenu, mama yako akanionyesha mmea wenyewe. Lakini akaitwa na ng'ombe huko, mimi nikabaki na panga peke yangu, na wewe hukuniambia inakatwaje. Nikasema kosa letu ni kubwa, siwezi kwenda na kitu kidogo. Nikaangusha tawi zima. Refu kunishinda mimi, limejaa majani, nimelibeba begani napita nalo barabarani, watoto wananifuata.

Mzee Eliapenda alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, nikalishusha lile tawi mbele yake. Yale maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Akaliangalia. Akaniangalia. Akasema, "Mjukuu wangu, umekuja kuomba msamaha au umekuja kupanda ua wa boma?"

Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Kwa msamaha jani moja linatosha."

Akainama, akachuma jani moja, akalikunja, akalifunga fundo polepole ili nione, akanipa mimi. "Hivi. Sasa nipe." Nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea. Akaligeuza mkononi, akalitia mfukoni, akasema, "Huyu mwenzako ndiye aliyekutuma." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilijua. Wewe ungekuja na barua."

Niliposimama kuaga akachukua lile tawi lililobaki, akatembea nalo mpaka ukingoni mwa mfongo, pale maji yalipovunja siku ile, akalichomeka kwenye udongo. Akasema hatuwezi kulitupa, limetembea mbali.

Kumbe kusamehewa ndiyo kazi ilianza. Alinirudishia Mkwe, lakini akasema, "Msamaha nimekupa mimi. Maji ni ya watu. Chanuo likiziba tena itakuwaje?" Swali hilo, Ndeshi, nililala nalo, nikala nalo. Siku moja nikaenda Himo kufuata vioo vya simu, nikaingia mgahawani kula chapati, na mlango wa jikoni pale ni ule unaosukumwa pande zote, mhudumu anapita na sinia kwa bega, mlango unafunguka, unajirudia. Nikaacha chapati. Nikasimama nikausukuma, nikauachia, nikausukuma tena, mpaka mhudumu akauliza, "Dada, unaingia au unatoka?"

Nikajua hapohapo. Chanuo likae kwenye bawaba. Mzigo wa kawaida linachota, mzigo ukizidi linafunguka lenyewe, maji yanapita na uchafu wake, halafu linarudi. Bora takataka zipite siku moja kuliko maji yasipite. Bawaba ya kwanza ikashika kutu ikagoma. Ya pili ikafunguka ikakataa kurudi, inaning'inia kama mlevi. Ya tatu nikaifunga vipande vya tyubu ya pikipiki, vinavuta, vinarudisha. Nilikuwa naongea na wewe muda wote. Mdogo wangu alimwambia mama, "Dada anaongea na chuma." Mama akasema, "Mwache, ilimradi ameamka."

Na QT nikarudi. Mwalimu wa jioni hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema tu kaa.

Sasa sikia hili ndiyo zito, na hapa nilikutafuta kweli. Mzee Eliapenda akasema Mkwe ataingia siku ya msaragambo, siku watu wote wa mfongo wanatoka kusafisha pamoja, wa juu na wa chini, na nimjibu kila mwenye swali. Nikafurahi. Nikauliza ni lini. Akaniambia. Ndeshi, ilikuwa Jumamosi ya fainali. Ileile.

Nikamwomba aisogeze. Akasema, siyo kwa ukali, "Siku hii haisogezwi na mtu mmoja. Watu hawa wakikutana wote ni siku hiyo na baada ya mvua nyingine. Usipokuwepo mwenyewe, chombo hakiingii." Nikamwendea Madam nikamwambia fainali siwezi kuja. Akavua miwani. "Manka. Umefika fainali. Unataka kuacha fainali?" Na ile acha, jinsi alivyoitamka, ilinichoma, kwa sababu ndilo jina langu la pili.

Nilikuja kaburini kwako. Nilikaa pale nikakuuliza wewe ungefanya nini, maana ukumbi ule ulikuwa wako. Viatu ulishachagua. Hotuba ulikuwa unaijua kama sala. Na mimi nilikuwa nataka jaji aniulize swali nimjibu, usidhani sikutaka. Nilitaka sana. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nikausikia mfongo, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile sauti uliyokuwa unaniambia. Umeziba. Kwa kweli unasikika. Kama mtu anayeongea na chakula mdomoni.

Nikarudi kwa Madam. Nikamwambia fainali hatuachi. Mwenye hotuba atahutubia. Nikampa sauti yako.

Jumamosi tukagawana hivyo. Wewe ulikwenda ukumbini na Madam. Mimi nikaingia majini.

Watu walijaa. Majembe, mapanga, akina mama na sufuria za chakula, vijana wanataniana, wa juu upande huu wa mfereji na wa chini upande ule, bado wanasalimiana kwa ncha ya ulimi. Mama mmoja wa chini, mnene, amejifunga kitenge cha njano, akanifuata mpaka usoni. "Ndiyo wewe uliyetunywesha tope?" Nikasema ndiyo mimi, shikamoo. "Marahaba. Na leo unatunywesha nini?" Wakaangua kicheko pande zote mbili, na mimi nikacheka. Nikamwambia, mama, tupa unachotaka.

Wakatupa. Ndeshi, wakatupa kweli. Majani ya mgomba mafungu mafungu, vigogo vya migomba, chupa, mtu akaleta na godoro bovu, Mzee Eliapenda akamrudisha nalo. Mkwe akaanza kuchota, anachota, anachota, maji yakapanda. Yakapanda tena. Nikaona yule mama amekaza macho kwenye ukingo. Halafu chanuo likafunguka. Polepole, kama ule mlango wa Himo. Mzigo wote ukapita, maji yakashuka kwa kishindo kwenda chini, na chanuo likajirudia likakaa mahali pake, likachota jani moja, likaliweka kwenye tenga kama vile hakuna kilichotokea.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama alisema tu, "Kana adabu haka." Halafu akapeleka jembe lake upande wa wa juu akaanza kuchimbua nao. Mzee Eliapenda akatoa mfukoni lile jani, limeshakauka, fundo bado limekaza, akalifunga kwenye ekseli ya Mkwe. Akaenda kula.

Madam alipanda jioni na viatu vya mjini vimejaa vumbi. Akanieleza yote. Kwamba alikuweka kwenye spika, ukasema habari za asubuhi waheshimiwa majaji. Ulipofika kwenye Manka acha kucheka, ukumbi mzima ulicheka, halafu wakatulia kuliko walivyotulia kwa mtu yeyote. Ukamaliza. Majaji walitaka kukuuliza maswali, hawakujua. Madam akasimama akawaambia aliyekuwa anaongea ametangulia mbele za haki, na mwenzake hakuja, yuko kwenye maji. Jaji mmoja akauliza, yuko kwenye maji anafanya nini?

Madam akasema, "Anamaliza."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikakaa chini hapohapo ukingoni, na tope lote lile, nikalia nikashiba.

Hatukushinda. Ushindi walibeba vijana wa Chekereni na jiko lao la makapi ya mpunga, na Madam anasema ni haki yao, jiko linawaka kweli na mama zao wanalitumia. Ungebisha kidogo, halafu ungewafuata uwaulize linavyofanya kazi. Majaji walisema chombo ambacho hawajakiona hawawezi kukipa alama. Sawa. Sisi tumepata cheti cha ushiriki, jina lako limeandikwa kwanza. Mama yako amekitundika sebuleni, juu kuliko saa.

Lakini juzi niko kwenye kimeza changu, yule mama wa kitenge cha njano akaja na simu yake ya batani imeingia maji. Akakaa kwenye kreti lako la soda. Nikiwa naifungua akasema, kama anaongea na soko, "Maharage yetu yamekamata." Basi. Nimeitengeneza simu yake vizuri kuliko simu yoyote maishani mwangu.

Ndeshi, asante. Ninalo neno moja hilo na ni dogo, ila nalisema. Asante kwa kusimama juani usinisalimie. Asante kwa kunifinya. Asante kwa kuniachia kazi nusu, maana ungeimaliza yote wewe, mimi ningebaki yuleyule. Nakukosa kila mara ninapopata wazo, na unajua mimi hupata wazo kila saa, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Lile tawi limeshika. Lile ambalo mzee alilichomeka, nililolibeba kama kichaa. Nimelikuta leo limetoa kijani kipya kileleni, kimekunjika kama kidole cha mtoto. Mzee Eliapenda amekiona akasema, "Haya, ua umeanza."

Jua linashuka na lazima niwahi darasa. Mtihani wa QT nitaufanya, na nikifeli nitaurudia, usinichungulie. Na kila Jumamosi nitamwaga tenga la Mkwe, mimi mwenyewe, mvua au jua, mpaka apatikane mtu mwingine anayejua kusikiliza.

Wewe lala. Mfongo uko palepale karibu na kichwa chako. Ukisikia sauti imebadilika, usihangaike kuamka. Ni jani tu limekwama, na mimi niko njiani nakuja.

Mwenzako,
Manka. Nimechomekea.